Mtwapa Usiku: Nani Anavuna kwa Aibu Yako?

Ukipanda matatu ya Mombasa kwenda Malindi, mara tu baada ya gereza la Shimo la Tewa unavuka daraja na kuingia Mtwapa, kaunti ya Kilifi. Mchana mji huu hauna makuu: maduka ya vifaa vya ujenzi, wauza maembe, tuktuk zinazogombania abiria. Upande wa bahari yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14, ambao wengi wanaofika Mtwapa hawana habari nao. Wamefuata usiku.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inataka baa za kawaida ziuze pombe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Mtwapa saa tano usiku ndiyo kwanza meza zinapangwa. Wapo wazee wa Kijerumani waliostaafu na kujenga, wapo vijana wa Nairobi waliokuja na treni kwa mapumziko ya Pasaka, wapo mabaharia, wapo madereva wa malori, na wapo wanawake na wanaume waliokuja kuuza walicho nacho. Wote wanakaa bega kwa bega, na kwa masaa kadhaa inaonekana kama kila mtu anafurahi.

Sisi tunaofanya zamu ya usiku katika vyumba vya dharura vya Pwani huwaona baadhi yao alfajiri. Kwa ninavyoona mimi, kinacholisha uhalifu wa usiku katika miji yetu ya ufukweni ni aibu. Aliyeibiwa haendi polisi kwa sababu mkewe atajua alikuwa wapi. Mwenye kilabu hapigi simu kwa kuhofia jina la biashara. Mama wa msichana hasemi kwa kuwa mabati ya nyumba yalinunuliwa na huyohuyo anayepaswa kushtakiwa. Kila mmoja ana sababu yake ya kunyamaza, na mhalifu anazijua zote.

Tuanze na kile ambacho watu wa mjini wanakiita kuwekewa mchele, yaani kutiliwa dawa ya usingizi katika kinywaji. Mara nyingi ni dawa za kundi la benzodiazepini, zilezile ambazo hospitalini tunampa mgonjwa mwenye degedege au anayetayarishwa kwa upasuaji. Vijana wa Pwani wanazijua kwa jina la bugizi. Dawa hizi hutuliza ubongo, na pombe nayo hutuliza ubongo kwa njia inayokaribiana sana na hiyo. Zikikutana, nguvu zake hazijumlishwi tu, zinachocheana. Kidonge ambacho kingemlaza mtu mzima usingizi wa kawaida kinaweza kumfanya mlevi asahau kupumua.

Mpangilio wake hujirudia kiasi kwamba mgonjwa akianza kusimulia, mwuguzi anaweza kummalizia. Mtu ana chupa yake mezani. Anakwenda haja, au anaitwa kucheza, au anapokea simu nje kwa sababu ya kelele. Anarudi, anaendelea kunywa. Ndani ya nusu saa hivi anahisi amelewa kuliko idadi ya chupa alizokunywa. Anaongea, anacheka, pengine anatembea mwenyewe hadi kwenye tuktuk akiwa ameshikwa mkono. Baunsa mlangoni anaona mpenzi anamsaidia mpenziwe. Na hapa ndipo dawa inapofanya kazi yake kubwa zaidi: kabla ya kumlaza, inazima uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Anaulizwa nambari ya siri ya simu, anaitoa kwa hiari. Kesho yake hatakumbuka kwamba aliulizwa.

Zamani mwizi wa aina hii aliridhika na saa, viatu na pochi. Tangu M-PESA ilipoanza mwaka 2007, simu ndiyo benki, na aliye na nambari ya siri ana kila kitu. Humaliza salio, kisha hukopa Fuliza, kisha huingia katika programu za mikopo na kukopa humo pia kwa jina lako. Mtu anaamka katika lojingi asiyoijua, saa sita mchana, hana shati, na ana deni.

Nimesema anaamka. Wengine hawaamki. Mtu akilala chali akiwa na pombe na dawa mwilini, akitapika, matapishi huingia mapafuni, na yeye hana nguvu ya kukohoa. Kwa hiyo ukimkuta mwenzako amezima ghafla, usimwache "alale imtoke". Mlaze kwa ubavu, kichwa kiinamie kidogo chini ili matapishi yatoke. Usimpe maziwa wala kahawa wala maji ya ndimu, maana asiyeweza kumeza vizuri utamkaba. Kaa naye, hesabu pumzi zake, na kama zinachelewa au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, mpeleke hospitali. Mwambie daktari ukweli wote: alikunywa nini, saa ngapi, na unashuku nini. Akizinduka, mkojo wake wa kwanza uhifadhiwe. Dawa hizi hutoka mwilini upesi, na ushahidi hutoka nazo.

Kujikinga hakuhitaji elimu kubwa. Agiza chupa ifunguliwe mbele yako, na ukiondoka mezani, chupa hiyo si yako tena hata kama imebaki nusu. Usitegemee rangi wala ladha. Kiwanda kilichobuni dawa maarufu ya kundi hili kiliongeza rangi ya buluu mwishoni mwa miaka ya 1990 ili ionekane ikitiwa katika kinywaji, lakini katika chupa ya bia, chini ya taa nyekundu, nani ataona? Tena vidonge vya mtaani havina uhakika wa kiwanda. Ama zile hadithi za mtu kupuliziwa unga usoni au kupewa kikaratasi chenye dawa akakishika akapoteza fahamu, mimi huzisikiliza kwa adabu tu. Kiasi kinachoweza kumlaza mtu hakipiti kwenye ngozi ya vidole kwa dakika moja. Hatari imo katika unachomeza.

Bahari nayo ina saa zake. Tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani ya Mombasa hufika mita tatu na zaidi nyakati za bamvua. Ufukwe uliopita saa mbili usiku ukiwa mpana kama uwanja, saa nane unaweza kukuta maji yanapiga kuta za hoteli, huna pa kupita, na aliyekungoja gizani anajua hivyo. Rudi kwa barabara, kwa tuktuk ya mtu anayejulikana na kilabu.

Hayo ni ya watu wazima, na mtu mzima anaweza kuchagua kutokwenda. Mtoto hachagui.

Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya walitoa utafiti kuhusu Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono kwa malipo ya hapa na pale. Gazeti baada ya gazeti lilichapisha habari ya Wazungu, na kweli walikuwamo: Waitaliano, Wajerumani, Waswisi. Lakini kundi kubwa kuliko yote katika hesabu ile, asilimia 38 ya wateja, lilikuwa la Wakenya wenyewe. Jambo hilo halikupata vichwa vikubwa vya habari, na hata leo ukilitaja barazani watu huangalia pembeni. Ni rahisi zaidi kumlaani mgeni.

Mgeni hakuja mwenyewe, aliletwa na uchumi. Waitaliano walianza kuijua Malindi miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia satelaiti cha San Marco, Ngomeni. Kufikia 1967 walikuwa wamekwisha kurusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini. Wahandisi walirudi kama watalii, watalii wakarudi kama wenye nyumba. Baadaye zikaja ndege za kukodi kutoka Ulaya, na baada yake hoteli ambazo mgeni hulipia kila kitu kabla ya kuondoka kwao: kitanda, chakula, bia, hata mwavuli wa ufukweni. Pesa nyingi hubaki huko zilikolipwa. Mji uliozunguka hoteli ukajikuta na watalii wengi na biashara kidogo. Kusi ikivuma na hoteli kufunga, au machafuko kama ya 2007 na 2008 au korona ya 2020 ikifukuza wageni, hata kile kidogo hukatika. Mwenye mfuko wakati huo hupata bei anayoitaka.

Namna mtoto anavyoingia haifanani na sinema. Hakuna anayetekwa. Anakuja "mfadhili". Analipa karo ya muhula mmoja. Analeta gunia la mchele, simu ya mtoto, godoro la bibi. Anaitwa babu au mjomba, anakula pamoja na familia, anapiga picha. Kisha anaomba msichana, au mvulana, aende kumsaidia kazi ndogo nyumbani kwake mwishoni mwa wiki. Kufikia hapo familia nzima ina deni ambalo halikuandikwa popote, na kila mtu anajua litalipwa vipi. Nikimpima mtoto wa namna hii hospitalini, mara nyingi aliyemleta si mzazi bali mwalimu.

Hoteli kubwa nyingi leo zina macho. Upo mwongozo wa kimataifa wa kuwalinda watoto katika utalii, ulioanzishwa mwaka 1998, na hoteli kadhaa za Pwani zimeutia saini: mapokezi hudai kitambulisho cha kila anayeingia na mgeni. Kwa hiyo shughuli imehamia kwenye nyumba za kupangisha, zile zenye ukuta mrefu, bwawa la kuogelea na mlinzi mmoja asiyelipwa vya kutosha kuuliza maswali. Nyumba hizo hukodishwa kwa intaneti, na mwenye nyumba pengine yuko Nairobi au Milan. Kaunti inayotoza ada ya choo sokoni haishindwi kuzisajili na kuzikagua. Haijataka tu.

Sheria tunayo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamhukumu anayepanga, kutangaza au kurahisisha utalii wa ngono na watoto kifungo kisichopungua miaka 10. Kama ni kampuni, faini isiyopungua shilingi milioni 2. Aliyelala na mtoto wa miaka 16 au 17 hafungwi chini ya miaka 15, na adhabu huongezeka kadiri umri unavyoshuka. Mtu akijitetea kwamba aliambiwa ni mtu mzima, mahakama itatazama alichukua hatua gani kujua umri. Na mgeni asidhani ndege ya kurudi ndiyo mwisho wa kesi. Uingereza huwashtaki raia wake kwa makosa waliyowafanyia watoto nchi za nje: Februari 2015 mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka zaidi ya 17 Mwingereza aliyewadhulumu watoto wa mitaani wa Gilgil, na watoto wale walitoa ushahidi.

Na sasa nije kwa wale wanaolaumiwa kwanza. Ukitaka kujua usiku huu kama kuna mtoto wa darasa la nane katika kilabu fulani, usimwulize askari. Waulize wanawake wanaouza ngono hapo. Wanajua sura zote, wanajua nani kaja jana kutoka bara, nani kavaa nguo za dada yake, mteja gani hutafuta wadogo na mwingine gani hupiga. Wanajua pia nani anauza mchele, na hawampendi, kwa sababu kila anayelazwa kwa dawa huwaharibia soko wote. Lakini wao wenyewe hukamatwa kwa kuzurura chini ya sheria ndogo za kaunti, na kuachiwa hugharimu pesa au mwili. Ni nani basi atakwenda kituoni kutoa taarifa, awe yeye wa kwanza kufungiwa? Miradi ya afya ya Pwani iliwafanya waelimishaji rika miaka mingi iliyopita, nao wakafaulu kugawa kondomu na kupeleka wenzao kupimwa. Polisi wa Utalii wangewatumia hivyohivyo wangekuwa na macho ambayo hakuna kamera inayoyafikia.

Watalii wa kike na vijana wa ufukweni nao wana biashara yao, ambayo Ulrich Seidl wa Austria aliionyesha katika filamu yake ya mwaka 2012, iliyopigwa hapa Pwani. Sheria yake ni moja na ya wengine: kondomu, na umri.

Aliyebakwa, awe mgeni au mwenyeji, mwanamke au mwanamume, afike hospitali kabla ya saa 72 kupita. Ndani ya muda huo tunaanza dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi, ambazo humezwa siku 28. Zikianza ndani ya saa mbili za kwanza ndiyo bora. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Asioge, na nguo alizovaa azitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huozesha ushahidi. Fomu ya P3 ya polisi itajazwa baadaye, na asikubali kurudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi hiyo. Aliyelala kwa mchele bila kujua kilichompata naye aje. Hatumpigii simu mkewe.

Mwenye nyumba ya kupangisha, mhudumu wa baa, dereva wa tuktuk, jirani: ukimwona mtoto anaingizwa mahali ambapo hapaswi kuwa, piga 116. Ni simu ya watoto, haina malipo, na inapokewa saa 24.