Kikohozi kilipogeuka siri ya nyumba

Kenya ilipotangaza kisa cha kwanza cha korona, Machi 13, 2020, kukohoa hadharani kuligeuka aibu. Abiria aliyekohoa kwenye matatu alikodolewa macho na wenzake wakafungua madirisha. Nyumbani watu walijizoeza kukohoa ndani ya shuka ili jirani asisikie, maana wiki zile za mwanzo kupelekwa karantini kulimaanisha pia kujilipia malazi na chakula.

Lakini kikohozi ndicho pia humtambulisha mgonjwa wa kifua kikuu, na anayekificha hafiki maabara.

Mwaka 2019 Kenya iliandikisha zaidi ya wagonjwa 86,000 wa TB. Mwaka uliofuata wakashuka hadi takriban 73,000. Si kwamba ugonjwa ulipungua. Waliopungua ni waliopatikana, na wengine walibaki nyumbani wakilala chumba kimoja na watoto. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wagonjwa waliogunduliwa kote ulimwenguni walitoka milioni 7.1 hadi milioni 5.8 katika mwaka huo mmoja, na vifo vya TB vikaongezeka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi.

Woga haukuwa kikwazo pekee. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, nauli ikapanda. Kafyu ilianza saa moja jioni. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, safari ya hospitali ilikuwa kuchagua kati ya kipimo na unga.

Uchunguzi uliponusurika, ulinusurika kwa kuwafuata watu waliko. Wahudumu wa afya ya jamii walianza kuuliza maswali ya magonjwa yote mawili kwa mkupuo mmoja: Je, unakohoa? Una homa? Unatokwa jasho usiku? Umepungua uzito? Umekaa na mtu mwenye TB? Mazungumzo yakahamia nje, mlangoni, kila mmoja na barakoa yake. Aliyeonyesha dalili alipewa kichupa, akasogea mahali penye hewa mbali na watu, akakohoa makohozi humo. Kichupa kikapelekwa maabara, mgonjwa akabaki kwake akisubiri majibu.

Yasemwe tu kwamba kazi hiyo haikuwa rahisi. Mhudumu mwenyewe alikuwa mgeni wa kuogopwa: nani ajuaye ametoka nyumba gani? Mahali pengi ilibidi apige simu kwanza, au aje bila aproni wala fulana inayomtangaza kwa mtaa mzima. Jambo dogo, lakini pengine ndilo lililofungua milango mingi kuliko bango lolote.

Tena kubisha milango mchana hakutoshi. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba TB huwapata zaidi wanaume, na hao mchana hawako nyumbani. Wako steji ya bodaboda, mjengo, sokoni, na huko ndiko wanakopaswa kufuatwa. Utafiti huo ulibaini pia kwamba karibu nusu ya waliokutwa na TB hawakuwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo ile kauli ya "subiri wiki mbili kwanza" iachwe. Kikohozi cha siku yoyote, pamoja na jasho la usiku au kukonda, kinatosha kuomba kipimo.

Kwa familia, swali zito huja baada ya mmoja kupatikana na TB: waliolala naye wako salama? Wote wanapaswa kuchunguzwa, watoto wa chini ya miaka mitano wakitangulia, kwa sababu kwao ugonjwa hukua haraka na huweza kufika kwenye ubongo. Asiye na ugonjwa hupewa dawa za kinga. Mwenye nao huanza tiba, ambayo kwa kawaida huchukua miezi sita na hutolewa bure katika hospitali za umma.

Mtoto mdogo mara nyingi hawezi kutoa makohozi, huyameza. Mama asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Mweleze daktari ni nani anayekohoa nyumbani na kama mtoto ameacha kuongeza uzito, kisha uulize kuhusu kipimo cha kinyesi, ambacho pia huweza kuonyesha vijidudu vya TB.