Leseni ya Muungano, Mkataba wa Zanzibar: Ajira ya Rubani wa Ndege Ndogo

Rubani wa ndege ndogo ni yule anayerusha Cessna Caravan ya injini moja, au ndege za kimo chake, kati ya Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Arusha na viwanja vya vumbi vya mbugani. Unguja hadi Dar es Salaam ni kama dakika 20, kwa hiyo mtu mmoja huruka na kutua mara nyingi kwa siku. Kijana wa Kikwajuni anayeitamani kazi hii huziona ndege zikielekea uwanja wa Kisauni tangu utotoni. Asichokiona ni mkataba.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, inayohitajika ili kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500. Saa za mwanzo hulipiwa na familia, mara nyingi kwa kuuza kiwanja au kukopa, ili kijana akasome Soroti nchini Uganda, Nairobi au Afrika Kusini. Saa 1,300 zinazobaki haziwezi kununuliwa na mtu wa kawaida; hupatikana kwenye ndege ya mwajiri tu. Hapo ndipo nguvu ya mwajiri ilipo. Rubani mchanga hulipwa mshahara na saa, na mara nyingi hukubali mshahara mdogo kwa ajili ya saa.

Juu ya hilo kuna dhamana ya mafunzo. Kampuni humlipia rubani mafunzo ya aina fulani ya ndege, naye hutia saini kwamba akiondoka kabla ya muda uliowekwa atarudisha gharama. Mpango huo si dhuluma, maana mafunzo ni ghali kweli. Unageuka dhuluma pale deni lisipopungua kadiri rubani anavyotumikia, au pale anapodaiwa hata kama ni kampuni iliyomwachisha kazi.

Kwa Zanzibar kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwishachelewa. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, hivyo leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Rubani aliyeajiriwa Unguja yumo chini ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii ni ZSSF. Mwenzake aliyeajiriwa Dar es Salaam, pengine wakipokezana ndege ileile, yumo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na michango yake huenda NSSF. Sheria hiyo ya Bara, katika kifungu cha 14, inawataja wataalamu na viongozi miongoni mwa wanaoweza kupewa mkataba wa muda maalumu. Hivyo elimu ya rubani, ambayo angetegemea impe uthabiti, ndiyo inayofungua mlango wa mkataba unaokwisha na kuhuishwa kwa hiari ya mwajiri. Masika watalii hupungua na safari nazo hupungua. Mkataba unaokwisha Aprili humweka rubani mahali pabaya pa kujadiliana.

Kutoaminiana na uongozi huzaliwa katika mazingira hayo, na si Tanzania peke yake. Nchini Kenya, chama cha marubani KALPA kilidai mwaka 2016 kwamba wakuu wa Kenya Airways waondoke, baada ya shirika kupata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 26 za Kenya katika mwaka ulioishia Machi. Novemba 2022 marubani hao waligoma, wakidai michango ya mfuko wao wa akiba irejeshwe na mishahara iliyozuiwa wakati wa korona ilipwe. Mahakama iliwaamuru warudi kazini baada ya siku chache. Kampuni yenye marubani wachache haina chama cha namna hiyo; anayelalamika huwa peke yake na anajulikana kwa jina.

Mashirika nayo hufa. Fastjet Tanzania ilianza safari mwaka 2012 na kusimama mwishoni mwa 2018. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania katika orodha yake ya yaliyopigwa marufuku, kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi wa usalama. Kwa visiwa vinavyopokea watalii wengi wa Ulaya, hilo linagusa tiketi, na kupitia tiketi linagusa ajira.

Mwili pia una mkataba wake. Rubani wa biashara hupimwa afya kila mwaka. Aliyetimiza miaka 40 akibeba abiria peke yake, kila miezi 6. Anayeruka peke yake hukoma akiwa na miaka 60, wa ndege yenye marubani wawili akiwa na 65.

Kabla ya kutia saini, rubani mpya aulize mambo matatu na ajibiwe kwa maandishi: mkataba unafuata sheria ya upande gani, deni la mafunzo hupungua kwa kiasi gani kila mwezi, na michango inapelekwa mfuko upi. Kisha aende mwenyewe kwenye ofisi za mfuko huo kuhakiki kwamba michango imefika.