Ahmad Al Harthy: Mwana wa Oman katika Gari Namba 46

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani na Msimbazi, si ajabu kuona pikipiki ya bodaboda imebandikwa namba 46 ubavuni. Vijana wetu wanaijua: ni namba ya Valentino Rossi, Mtaliano aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki mara 9. Wasilolijua wengi wao ni kwamba mwaka 2024 Rossi alishindana na namba hiyo kwenye gari la BMW, na miongoni mwa madereva watatu waliopokezana usukani alikuwamo Ahmad Al Harthy wa Oman. Jina la ukoo huo si geni pwani yetu, na hapa Kariakoo zipo nyumba nyingi zenye jamaa Maskati.

Al Harthy, aliyezaliwa mwaka 1981, hakufika hapo kwa kuruka. Alishindana Uingereza katika mbio za magari ya Porsche, kisha akaingia mbio za magari ya GT. Mwaka 2017, akiwa na Jonny Adam katika gari la Aston Martin, alitwaa ubingwa wa mbio ndefu za Blancpain, daraja la Pro-Am, ambalo humchanganya dereva wa kulipwa na dereva wa ridhaa. Mwaka 2023, mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, yalipotimiza miaka 100 tangu yaanzishwe, yeye na wenzake wawili walishika nafasi ya pili katika daraja lao.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wanapaswa kulijua. Madereva hawa hupangwa kwa madaraja, na la chini kabisa huitwa la shaba. Kanuni za mbio za dunia za uvumilivu huitaka kila timu ya magari ya GT iwe na dereva mmoja wa shaba, naye ana muda wa lazima wa kuendesha. Hawezi kufichwa. Mwaka 2024 yeye ndiye aliyefanya majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia, huku mabingwa wakimtazama kando. Kwa hiyo gari lenye jina la Rossi lilitegemea pia mikono ya Al Harthy. Walianza vizuri, wakashika nafasi ya pili huko Imola, Italia. Lakini Le Mans, mwezi Juni, usiku na mvua ikinyesha, gari lilipata ajali likiwa mikononi mwake, na safari ya wote watatu ikaishia hapo.

Wapo wazazi waliotuuliza kama kazi hii inafaa kumwelekezea kijana. Tunajibu kwa uwazi: ni kazi ya gharama kubwa isiyowezekana bila wafadhili, na haina uhusiano wowote na wale wanaoshindana usiku wa manane katika Barabara ya Morogoro bila kofia ngumu. Al Harthy huendesha ndani ya uwanja uliofungwa, chini ya waamuzi, na anapochoka humpa mwenzake usukani. (Hili la mwisho madereva wetu wa mabasi ya mikoani wangeliiga, tungeshukuru.)

Baada ya ajali ile timu haikumwacha. Septemba ya mwaka huohuo walipanda jukwaani huko Fuji, Japani, wakiwa wa tatu. Mwaka 2025 alirudi tena na Rossi, safari hii pamoja na Kelvin van der Linde wa Afrika Kusini, na huko Imola wakashika tena nafasi ya pili.