Tiba ya rovu lenye homoni nyingi

Rovu linapomwaga homoni kupita kiasi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, joto halivumiliki na mtu hukonda ingawa anakula vizuri. Mara nyingi chanzo huwa ama ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi ya thairoidi, ama vinundu vilivyoota ndani ya rovu la miaka mingi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika kuchagua tiba.

Kivu, mashariki mwa Kongo, inayopakana na Kabambare ya Maniema na ambayo Maniema ilikuwa sehemu yake hadi 1988, imejulikana kwa marovu yatokanayo na upungufu wa iodini. Chumvi yenye iodini ilipoenea miaka ya 1990, vinundu vya zamani vilipata malighafi ya homoni kwa wingi, na mwaka 1996 jarida la tiba la Lancet liliripoti wagonjwa wa Kivu waliozidiwa na homoni. Hata hivyo chumvi hiyo isiachwe: huwakinga watoto na mtindio wa ubongo.

Vidonge vya karbimazoli au thiamazoli huizuia tezi kutengeneza homoni. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Kwa muda huo propranololi hutuliza moyo, ila haimfai mwenye pumu. Mwenye Graves hutumia vidonge miezi 12 hadi 18 na huenda akapona. Mwenye vinundu akiacha vidonge, kwa kawaida ugonjwa hurudi. Kwa nadra, vidonge hivyo huangusha seli nyeupe za damu. Homa na koo kuuma vikitokea, mgonjwa asimeze kidonge kingine kabla damu yake haijapimwa. Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, Maniema, ambako homa hudhaniwa kwanza kuwa malaria, onyo hili linastahili kurudiwa kila dawa inapotolewa.

Iodini 131 yenye mnururisho humezwa na kuua seli za tezi. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 8, kwa hiyo haiwekwi akiba. Huhitaji kituo cha tiba ya nyuklia, kama Ocean Road, Dar es Salaam. Wajawazito na wanaonyonyesha hawapewi.

Upasuaji hufaa hasa rovu kubwa linalobana koo. Homoni zishushwe kwanza kwa vidonge, la sivyo zinaweza kufumuka na kuua. Mpasuaji hulinda neva za sauti na tezi ndogo zinazodhibiti kalisi. Thairoidi ikitolewa yote, levothairoksini hunywewa kila siku maisha yote. Palipo na barabara zinazokatika masika, upatikanaji wa kidonge hicho ujadiliwe na mgonjwa na jamaa zake kabla ya kupasua.