Dau na Sharti Lake: Maelezo ya Aina za Madau katika Mbio za Farasi

Neno dau lina maana mbili zisizohusiana: chombo cha baharini, na fedha awekayo mtu mchezoni kwa kutarajia kupata zaidi. Makala haya yanahusu maana ya pili, na hasa dau liwekwalo katika mbio za farasi. Mwanaisimu anayo sababu ya kulichunguza hata kama hajapata kukanyaga uwanja wa farasi wa Ngong Road, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Kila aina ya dau ni kauli yenye masharti, na aghalabu mwekaji hapewi dirishani ila jina la kauli hiyo. Jina likificha sharti, yeye ndiye alipaye gharama ya maficho hayo.

Kiswahili hakikuanza na mikono mitupu katika uwanja huu. Kamari tuliipata kwa Waarabu, na rehani vilevile. Lakini shina lile lile la Kiarabu lililotupa rehani, yaani kitu kishikwacho kuwa dhamana ya deni, huzaa pia jina la dau la mbio za farasi; nasi tulichukua maana ya kwanza tukaiacha ya pili. Si ajabu, kwani pwani yetu haikuwa nchi ya farasi. Wanazuoni wa fikihi nao waliitenga zawadi ya mashindano ya farasi, ngamia na mishale na kamari iliyoharamishwa. Pale ambapo washindani wawili wote wametoa fedha, wengi wa wanazuoni hao walishurutisha awepo wa tatu ambaye hakutoa kitu. Swali walilouliza, nani ameweka fedha dhidi ya nani, ndilo la kwanza kuulizwa juu ya dau lolote hata leo.

Mwekaji aweza kuweka dau dhidi ya mtu mmoja, yule mpokea madau, ambaye hutangaza uwiano wa malipo kwa kila farasi. Uwiano ukiwa tano kwa moja, mwenye kuweka shilingi 100 atapata faida ya shilingi 500 na kurudishiwa 100 zake, jumla 600. Mapatano hayo yamefungwa: uwiano ukishuka baadaye, yeye atalipwa kwa ule aliokubaliwa.

Njia ya pili ni ya wawekaji wao kwa wao. Joseph Oller, mzaliwa wa Uhispania aliyeishi Paris, aliianzisha katika miaka ya 1860. Fedha zote hutiwa katika mfuko mmoja, mwendeshaji hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawiwa waliopatia. Tuseme mfuko wa farasi wa kwanza una shilingi 100,000, mwendeshaji akakata asilimia 20, na shilingi 10,000 zilikuwa zimewekwa juu ya farasi aliyeshinda. Zile 80,000 zilizobaki zitagawiwa hizo 10,000, na kila shilingi italipwa nane. Hakuna ajuaye malipo hadi dirisha lifungwe. Kwa kuwa hesabu hiyo ni nzito kuifanya kwa mkono huku watu wakisubiri, ilitafutiwa mashine. Ile ya George Julius ilianza kazi katika uwanja wa Ellerslie, Auckland, mwaka 1913. Ufaransa ilikwisha kuupendelea mfuko kwa sheria ya mwaka 1891, na Uingereza ikauruhusu viwanjani kwa sheria ya mwaka 1928, bila kuwafukuza wapokea madau.

Hapa pana tofauti ndogo ya semantiki iwapotezayo wengi. ‘Tano kwa moja’ ya mpokea madau yataja faida peke yake. ‘Nane’ ya mfuko yataja malipo yote, pamoja na fedha ya mwekaji mwenyewe. Nane ya mfuko, basi, ni saba kwa moja. Nambari mbili zaandikwa kwenye ubao mmoja, kila moja ikisema lugha yake.

Swali la pili ni: mwekaji amedai nini? Dai jepesi ni kwamba farasi fulani atakuwa wa kwanza. Tuliite dau la ushindi. Dai lililo pana zaidi ni kwamba atakuwa miongoni mwa wa mbele. Hili ni dau la nafasi. Lakini wa mbele wangapi? Kwa desturi ya Uingereza, mbio zenye farasi watano hadi saba huhesabu nafasi mbili. Kuanzia wanane, nafasi tatu. Na mbio za kusawazishiwa uzito zenye farasi 16 au zaidi, nafasi nne. Wakiwa wanne au pungufu, nafasi hazihesabiwi kabisa. Marekani hali ni nyingine: yako madau matatu mbalimbali, la wa kwanza, la wawili wa kwanza na la watatu wa kwanza. ‘Nafasi’ peke yake, kwa hiyo, si istilahi iliyokamilika mpaka itajwe nchi na idadi ya farasi.

Linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni lile ambalo Waingereza huliita kwa maneno yenye maana ya ‘kila njia’. Jina hilo lapendeza, na ladanganya. Msikiaji hudhani ni dau moja lililolindwa pande zote. La hasha: ni madau mawili, moja la ushindi na moja la nafasi, na kila moja hulipiwa. Anayeomba shilingi 100 ‘kila njia’ hutoa 200. Tuchukue mbio za farasi kumi, nafasi tatu, ambapo dau la nafasi hulipwa kwa moja ya tano ya uwiano. Farasi wake ni nane kwa moja. Akishinda, dau la ushindi huleta 900 na la nafasi 260, jumla 1,160. Akiwa wa pili, la kwanza hupotea na la pili huleta 260, faida ya shilingi 60. Sasa tushushe uwiano uwe nne kwa moja, na farasi awe wa pili tena. Dau la nafasi huleta 180, na mwekaji alitoa 200. Farasi amefaulu, tiketi imelipwa, mtu amepata hasara ya shilingi 20.

Wacheza kamari wetu husema fulani amekula au ameliwa, na usemi huo waieleza hali hii vizuri kuliko Kiingereza: amekula kwa mkono mmoja na kuliwa kwa mwingine. Kwa maoni yangu jina linalofaa ni dau pacha. Pacha ni wawili, na kila mmoja ana kinywa chake.

Madau ya mfuatano hudai zaidi ya farasi mmoja katika mbio zile zile. Kutaja wawili wa kwanza kwa utaratibu wao ni dau moja. Kuwataja bila kujali nani ametangulia ni jingine. Katika mbio za farasi kumi, dau la kwanza lina majibu 90 yawezekanayo na la pili 45. Wakiwa watatu kwa utaratibu, majibu ni 720. Bila utaratibu, 120. Anayetaka kuwafunika farasi watatu kwa kila utaratibu hununua madau sita, ingawa karani humwandikia tiketi moja. Kiswahili chaweza kulibeba jambo hili bila taabu: jozi na utatu kwa wasiojali utaratibu, mfuatano wa wawili na mfuatano wa watatu kwa wanaojali. Wafaransa waliziunganisha dhana hizo katika Tiercé, iliyoanza mwaka 1954 kwa shauri la André Carrus: aliyewataja watatu kwa utaratibu hulipwa zaidi, na aliyewataja shaghalabaghala hulipwa kidogo. Mtindo huo wa Kifaransa umefika Senegal, Mali na Burkina Faso, ambako watu huweka madau juu ya farasi wakimbiao Ufaransa.

Madau ya mbio nyingi yamekwisha kupata jina lake mitaani kabla ya kamati yoyote kuketi. Wacheza kamari ya kandanda, Kenya na Tanzania, huita orodha ya chaguo zilizounganishwa mkeka, na chaguo moja likishindwa husema mkeka umechanika. Sitasita kuliingiza neno hili katika mbio za farasi, maana sharti zima la dau limo ndani ya sitiari. Farasi watatu wa mbio tatu, wenye uwiano wa tatu, mbili na nne kwa moja, huzidishwa: nne mara tatu mara tano, na shilingi 100 huwa 6,000. Mmoja akishindwa, hakuna kitu. Linganisha na jina Yankee, litumiwalo Uingereza kwa chaguo nne zinazosukwa kuwa madau 11: sita ya wawili wawili, manne ya watatu watatu, na moja la wote wanne. Kwa shilingi 50 kila dau, gharama ni 550, na jina halikudokeza hata moja ya nambari hizo. Kwetu lingetosha kuitwa mikeka kumi na mmoja.

Limebaki dau la kupinga, ambalo Betfair ya Uingereza ililitia mikononi mwa watu wa kawaida kuanzia mwaka 2000. Hapa mtu hudai kwamba farasi hatashinda, na hivyo hukaa mahali pa mpokea madau. Akipokea shilingi 100 za mwenzake kwa nane kwa moja, hutarajia kupata 100 na hukabili hasara ya 800. Vitenzi vyetu vyahitaji uangalifu mahali hapa, kwa kuwa farasi akishinda, aliyemtaja ndiye aliyeliwa. Na fedha iliyo hatarini si ile ya tiketi, bali ni mara nane yake.