Mchanga wa Pwani na Roboti ya Kufagia

Aliyekaa Kibaha au Kisarawe hahitaji kusimuliwa habari za mchanga. Huingia na nyayo za watoto watokao shule, hupenya nondo za madirisha wakati wa kusi, husafiri katika viatu vya wageni hadi sebuleni, na nyumba iliyofagiwa alfajiri, hata kama sakafu yake ni ya marumaru za thamani, ikifika adhuhuri huwa imekwisha kukwaruza unyayo. Kisarawe ina la kuongeza juu ya hilo, kwa kuwa vilima vya Pugu vimebeba kaolini, udongo mweupe ulio laini kama unga, ambao wakati wa kiangazi, mahali ulipochimbwa au kupitiwa na magari, huelea hewani na kutua juu ya makochi, vyombo na vitabu. Basi mtu wa sehemu hizi anapoingia dukani Kariakoo, au anapoagiza kwa mfanyabiashara aendaye Dubai au Guangzhou, akitaka roboti ya kufagia ya namna ile inayorudi kituoni na kujitua taka zake bila kuguswa na mkono wa mtu, swali lake la kwanza na liwe juu ya mchanga: chombo kitafanya nini nao, kitauweka wapi, na nani atauondoa.

Haja yenyewe ni ya haki. Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iliyo kando ya Barabara ya Morogoro kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, ina wakazi wengi wanaoondoka majumbani kabla jua halijachomoza, wakaenda jijini kutafuta riziki na kurejea usiku wakiwa hawana nguvu ya kushika ufagio wala dekio. Ziko pia nyumba za wastaafu ambao migongo yao imekataa kuinama, na ziko nyumba zenye mgonjwa wa pumu, ambaye vumbi linaloinuliwa na ufagio laweza kumkosesha usingizi usiku kucha. Watu hao wanastahili maelezo ya kweli kabla ya kutoa fedha zao, madhali bei ya chombo hiki huanzia kiasi cha dola 200 na kupita 1,000, mbali na usafiri na ushuru.

Asili yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alibuni mashine ya kufyonza vumbi, dude kubwa lililokokotwa na farasi, likasimama barabarani na kuingiza mipira yake madirishani mwa nyumba za matajiri. Karne moja baadaye, mwaka 2001, kampuni ya Electrolux ya Uswidi ikaanza kuuza Trilobite, chombo kilichojiendesha chenyewe sakafuni, na mwaka uliofuata iRobot ya Marekani ikatoa Roomba, iliyotia jambo hili katika nyumba za watu wa kawaida. Kujitua taka kulijaribiwa mapema na Kärcher ya Ujerumani, lakini kulienea tangu mwaka 2018, ilipotoka Roomba i7+ pamoja na kituo chake chenye mfuko. Na leo Roborock, Ecovacs, Dreame na Xiaomi, zote za Uchina, zina vyombo vya aina hiyo kwa kila daraja la bei.

Kazi yake ni hii. Roboti huzunguka vyumbani ikisukuma taka kwa brashi na kuzivuta kwa hewa hadi katika kisanduku kidogo tumboni mwake, ambacho aghalabu hakizidi nusu lita. Ikimaliza, hurudi kituoni kuchaji betri, na hapo mota ya kituo, yenye nguvu kubwa kuliko ile ya roboti yenyewe, hukivuta kilichomo kisandukuni kwa muda wa sekunde chache na kukitia katika mfuko wa lita mbili na nusu au tatu. Sauti yake wakati huo ni kali, kiasi cha kumwamsha mtoto mchanga, na kwa hiyo ni vema kituo kisiwekwe ukutani mwa chumba cha kulala.

Watengenezaji husema mfuko mmoja hutosha kwa siku 60. Ahadi hiyo yamkini ni ya kweli katika ghorofa ya Ulaya, ambamo taka ni nywele, nyuzi za mazulia na makombo ya mkate. Lakini tuipime kwa hali yetu. Nyumba ambayo kila siku hutoa mchanga wa kujaza nusu ya kisanduku cha mililita 300 itamaliza mfuko wa lita mbili na nusu kwa muda wa siku 17 hivi, na mfuko huo, kwa kuwa lita moja ya mchanga mkavu huwa na uzito wa kilo moja na nusu au zaidi, utakaribia kilo nne kabla ya kutolewa. Mfuko ulioumbwa kwa ajili ya vumbi haukukusudiwa mzigo wa namna hiyo. Fauka ya hayo, mchanga ni mzito kwa hewa kuuinua, hivyo sehemu yake husalia katika kona za kisanduku na katika njia ya kituo, ikakwaruza na kuziba, hata mwenye nyumba akadhani chombo kimeharibika ilhali kimeelemewa tu. Kwa sababu hiyo sioni kuwa roboti inaondoa haja ya ufagio wa chelewa katika nyumba ya Maili Moja, Kibaha, au ya Maneromango, Kisarawe. Mchanga mzito wa kizingitini na barazani ufagiwe nje kama ilivyo ada, viatu vivuliwe mlangoni juu ya zulia nene la kufutia miguu, kisha roboti iachiwe vumbi lile jembamba ambalo ufagio huliinua tu na kulihamisha kutoka sakafuni hadi mapafuni.

Hapo ndipo panapokuja uchaguzi wa kweli baina ya kituo chenye mfuko na kituo chenye chombo cha kumwaga na kuosha. Mfuko hufunga vumbi ndani yake, na mwenye kuutupa hapumui vumbi hilo. Lakini hununuliwa tena na tena, na haupatikani kila duka. Chombo cha kuosha hakina gharama hiyo, illa siku ya kukimwaga wingu hupanda usoni. Rai yangu ni kwamba mwenye pumu nyumbani achukue mfuko bila kusita, pamoja na chujio la daraja la HEPA, lile linalozuia chembe 99.97 katika kila 100 za ukubwa wa maikromita 0.3, na asiye na mgonjwa achukue cha kuosha, akimwagie nje akiupa upepo mgongo. Katika hali zote mbili taka zisikae muda mrefu, kwa kuwa joto na unyevu wa Pwani, vikikutana na punje za wali na makombo ya maandazi, huwaita sisimizi na mende. Chujio likioshwa lisirudishwe likiwa bichi, hasa wakati wa masika, maana litaota ukungu.

Umeme nao unataka hadhari. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230, na wa Marekani ni wa volti 120. Ndugu aliyeko Texas anayetuma roboti kwa mapenzi mema anaweza kutuma pamoja nayo kituo ambacho mota yake itaungua siku ya kwanza, na adapta ya kubadilisha umbo la plagi haibadilishi volti. Vyombo vilivyonunuliwa Dubai au Muscat havina taabu hiyo, kwa sababu volti zao hukaribiana na zetu na plagi yao ni ile ile ya pini tatu bapa. Kuhusu LUKU hofu ni ndogo: betri ya volti 14.4 na saa-ampea 5.2 hubeba wati-saa 75 tu, pungufu ya sehemu ya kumi ya yuniti moja. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, hata hivyo, kituo huweza kuumia kama friji inavyoumia, basi kilindwe kwa kifaa kile kile cha kulinda friji.

Kabla ya kununua, mtu apime nyumba yake. Roboti nyingi hupanda kizingiti cha sentimita mbili tu, na vizingiti vingi vya saruji katika nyumba zetu huzidi hapo. Kila chumba kilichozuiwa na kizingiti ni chumba ambacho chombo kitabebwa kwa mikono. Zile zenye mnara wa leza juu yake hufika kimo cha sentimita kumi, zikashindwa kuingia chini ya makochi yaliyolala chini. Mkeka mwepesi hukunjika na kuvutwa, matamvua ya busati hujifunga katika brashi, na nywele za bandia zinazodondoka watoto wakisukwa husokotana kwenye ekseli hata brashi ikasimama.

Liko jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji, nami nalihesabu kuwa zito. Baadhi ya roboti huona njia kwa leza, na nyingine kwa kamera. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kwamba picha zilizopigwa na roboti za majaribio za iRobot, mojawapo ikiwa ya mwanamke aliye chooni, zilifika mikononi mwa vibarua wa mbali na kusambazwa mitandaoni. Na mwaka 2024 roboti za Ecovacs zilivamiwa katika miji ya Marekani, wavamizi wakasema kwa sauti zao ndani ya nyumba za watu. Nyumbani ndipo mwanamke anapovua buibui na mzee anapopumzika na msuli wake. Sitara hiyo haina bei, na leza inatosha kabisa kwa kazi ya kufagia. Basi kamera iachwe dukani.

Zipo pia roboti zinazodeki. Kwa nyumba inayosaliwa sakafuni, ijulikane kwamba tambara lenye maji machache, linalopita juu ya kinyesi cha kuku au mkojo wa mtoto, huieneza najisi badala ya kuiondoa. Mahali palipochafuka hivyo pasafishwe kwanza kwa mkono na kwa maji ya kutosha, na roboti izuiliwe hadi pakauke.

Mwisho ni vipuri. Desemba 2025 iRobot yenyewe, iliyowafungulia wengine njia, iliomba hifadhi ya mahakama kwa sababu ya madeni, jambo linaloonyesha kwamba jina kubwa si dhamana ya kudumu kwa huduma. Kwa hiyo mnunuzi aulize kama betri, brashi na chujio vinapatikana kutoka kwa watengenezaji wengine, aulize kama kitufe cha juu ya roboti huianzisha bila simu wala intaneti, na siku ile ile ya kununua achukue mifuko ya mwaka mzima, machujio mawili na brashi ya akiba, akiihesabu gharama hiyo ndani ya bei. Akiona jumla imempita uwezo, kifyonza vumbi cha kawaida cha kusukuma kwa mkono, kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, kitamtosha vyumba vyote, mradi awe na subira.