Dawa mpya inapimwa namna gani? Habari ya ugonjwa wa usingizi na ya kansere

Siku moja, katika ziara ya vijiji, mkatekista mmoja alitujia jioni baada ya sala. Akasema: «Padri, waganga wa hospitali wamefika kwetu. Wamekuta wagonjwa wa usingizi. Wanasema watapiga kura: wengine watapewa vidonge, wengine watatiwa dawa katika mshipa. Watu wananiuliza: Je, sisi ni panya wa kujaribiwa? Niwajibu nini?»

Tulimjibu: «Waganga wanajua kazi yao.» Jibu lile lilikuwa fupi, wala halikuwa zuri. Mkatekista alirudi kijijini na swali lake lile lile. Ndiyo sababu tumeona yafaa kueleza hapa, kwa utaratibu, namna gani dawa mpya inapimwa, kwa nini kura inapigwa, na nini haki ya mgonjwa. Tutachukua mfano wa ugonjwa tunaoujua sana katika inchi yetu. Tutaona pia kwamba historia yake imefungamana na ile ya kansere.

I. Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa wa usingizi, au malale, unaletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, ambacho mbung'o anakitia mwilini anapouma. Kwanza kijidudu kinakaa katika damu: mtu ana homa, kichwa kinamwuma, tezi za shingo zinavimba. Hali hii inaweza kudumu miezi mingi, hata miaka. Halafu kijidudu kinaingia katika ubongo. Hapo mgonjwa analala mchana na kukesha usiku; mwendo wake unaharibika; tabia yake inageuka. Mtu mpole anakuwa mkali, mama anaacha kutunza mtoto wake. Mara ngapi jamaa wamesema: «Amelogwa», wakapeleka mgonjwa kwa mfumu, kumbe ubongo wake ndio ulioshikwa! Asipopata matunzo, karibu kila mara atakufa.

Kwa kujua kama kijidudu kimefika katika ubongo, mganga anatoboa mgongo kwa sindano na kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo. Katika maji hayo anatafuta kijidudu na kuhesabu chembe nyeupe. Zikiwa nyingi, ugonjwa umeendelea. Watu wanaogopa sana sindano ile, nao hawakosi sababu: inauma, na kichwa chaweza kuuma siku kadhaa.

II. Dawa zilizoponya na kuumiza

Mwaka wa 1906 na wa 1907, mganga mkubwa wa Ujerumani, Robert Koch, alitunza wagonjwa wengi katika visiwa vya Sese, katika ziwa Nyanza, upande wa Uganda. Dawa yake iliitwa atoxyl, nayo ilikuwa na arseniki, yaani sumu. Wengine walipata nafuu. Lakini kipimo kilipoongezwa, wengine walipofuka macho kabisa.

Mwaka wa 1920 bibi mganga mmoja wa Marekani, Louise Pearce, alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akajaribu dawa nyingine ya arseniki, tryparsamide, kwa wagonjwa 77. Ilikuwa na nguvu ya kufika katika ubongo, na wengi waliponywa nayo miaka iliyofuata. Lakini nayo iliweza kuharibu macho.

Mwaka wa 1949 ikaja melarsoprol. Hii pia ni arseniki, tena ilikuwa kali hata wagonjwa walisema ni moto ndani ya mishipa. Iliponya watu waliokuwa karibu kufa. Lakini katika wagonjwa 100, 5 hata 10 walishikwa na ugonjwa wa ubongo ulioletwa na dawa yenyewe, na karibu nusu yao walikufa. Kwa hiyo mganga aliyepiga sindano ile alijua kwamba, kati ya wagonjwa 20, mmoja aweza kufa kwa mkono wake. Na asipoipiga, wote 20 watakufa. Wapenzi wasomaji, fikirini uzito wa kazi kama ile.

III. Kwa nini mafungu mawili?

Mtu atauliza: dawa mpya ikija, kwa nini waganga hawawapi watu wote, halafu watazame nani anapona?

Jibu ni hili: macho ya mtu yanadanganyika upesi. Tuseme mganga anapenda dawa mpya. Bila kukusudia, atawapa wale wenye nguvu bado, na dawa ya zamani atawaachia wale waliodhoofika. Dawa mpya itaonekana nzuri, kumbe waliofanya ionekane nzuri ni wagonjwa waliochaguliwa. Kwa hiyo wagonjwa wagawanywe mafungu mawili yanayofanana: wakubwa na wadogo, wenye nguvu na wanyonge, pande zote mbili. Njia bora ya kupata mafungu hayo ni kura. Sisi mapadri twajua Mitume walipiga kura, Matiya akachaguliwa. Lakini kura ya waganga ina shabaha nyingine: inazuia mkono wa mganga asichague anavyopenda mwenyewe. Inalinda ukweli.

Tuone mfano wa kwetu. Katika Nioki, wakati inchi ilipoitwa Zaire, wagonjwa 598 waliotunzwa kwa melarsoprol waligawanywa kwa kura. Fungu moja lilipewa pia prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe. Fungu lingine halikupewa. Habari zilitolewa mwaka wa 1989: waliopata prednisolone walishikwa na ule ugonjwa wa ubongo kwa uchache zaidi. Dawa hiyo ni ya bei ndogo, lakini bila mafungu mawili nani angalithubutu kusema kwa hakika kwamba inaokoa watu?

IV. Dawa iliyotafutwa kwa kansere

Wakati ule dawa nyingine ilikuwa imeanza kujulikana, jina lake eflornithine. Waliyoitengeneza hawakufikiri mbung'o; walifikiri kansere. Kansere ni nini? Ni chembe za mwili zilizoacha kutii, zinazozidi kugawanyika bila mpaka. Kila chembe, ili igawanyike, inahitaji vitu fulani inavyovitengeneza mwenyewe kwa msaada wa chombo kidogo sana ndani yake. Eflornithine inafunga chombo hicho. Chembe isipokuwa nacho, haiwezi kugawanyika.

Wakati ule dawa haikuleta kwa kansere faida iliyotumainiwa. Lakini mwaka wa 1980 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba inaponya panya wenye tripanosoma. Sababu yake ni ya ajabu. Chembe za mwili wetu zinafanyiza chombo kipya upesi, lakini tripanosoma wa kwetu anakifanyiza polepole sana. Kwa hiyo dawa ile ile inayotudhuru kidogo inamshinda yeye. Wagonjwa waliokuwa wamezimia waliamka, hata watu wakaiita dawa ya ufufuko. Marekani iliikubali mwaka wa 1990.

Halafu likatokea jambo la kuhuzunisha. Wagonjwa wa usingizi ni maskini wa vijijini. Dawa yao haileti fedha. Utengenezaji ukaachwa katika miaka iliyofuata. Lakini ilionekana kwamba dawa hiyo, ikipakwa, inapunguza nywele za uso, na mwaka wa 2000 Marekani ikakubali mafuta yake kwa ajili ya wanawake. Ndipo waganga wengi walipopiga kelele: mafuta ya urembo yapo, na dawa ya kuokoa uzima haipo! Mwaka wa 2001 kampani Aventis ilipatana na Shirika la Afya la Ulimwengu kutoa dawa bure kwa wagonjwa.

Lakini kazi yake ilikuwa nzito: kutiwa katika mshipa mara 4 kila siku, siku 14, ndiyo mara 56. Katika hospitali ya kijijini, na mfirmie mmoja usiku, nani ataweza?

V. Namna ya kusoma hesabu

Hapo yalifuata majaribio mawili makubwa, yaliyofanywa zaidi katika inchi yetu.

La kwanza lilifanywa katika Kongo zote mbili, kwa wagonjwa 287. Fungu moja lilipata eflornithine peke yake. La pili lilipata siku 7 tu za eflornithine, mara 2 kwa siku, pamoja na vidonge vya nifurtimox. Baada ya miezi 18, waliopona walikuwa 91.6 kwa mia katika fungu la kwanza, na 96.5 kwa mia katika la pili. Kazi ya mishipa ilishuka toka mara 56 mpaka mara 14, na uponyaji haukupungua. Habari hizo zilitolewa mwaka wa 2009.

Angalieni neno hili: baada ya miezi 18. Mgonjwa aliyeinuka kitandani bado hajahesabiwa kuwa amepona, kwani kijidudu kinaweza kujificha na kurudi. Ndiyo sababu waganga wanamwita tena na tena, hata kama anajisikia mzima. Asiyerudi anaacha tundu katika hesabu.

Jaribio la pili ndilo linalofanana na habari ya mkatekista wetu. Dawa ni fexinidazole, vidonge vya kumeza siku 10 pamoja na chakula. Wagonjwa 394 wa Kongo yetu na wa Afrika ya Kati waligawanywa kwa kura: 264 wapate vidonge, 130 wapate dawa ya mishipa na nifurtimox. Kazi hiyo iliongozwa na mganga Mkongomani, Victor Kande, na habari zake zilitolewa mwaka wa 2017. Baada ya miezi 18, vidonge vilifaulu kwa 91.2 kwa mia, dawa ya mishipa kwa 97.6 kwa mia.

Msomaji wa haraka atasema: «Basi, vidonge vimeshindwa.» Siyo hivyo. Kabla ya kuanza, waganga walikuwa wameandika: tutakubali tofauti isiyozidi kipimo fulani, kwani vidonge vinaweza kufika hata mahali pasipo kitanda wala mfirmie. Kanuni iliandikwa mbele, si baada ya kuona hesabu. Anayeandika kanuni baadaye ni kama mtu anayepiga mshale kwanza, halafu anachora shabaha pale ulipoangukia.

Lakini waganga hawakuficha upande mwingine. Kwa wagonjwa waliokuwa na chembe nyeupe zaidi ya 100 katika maji ya mgongo, vidonge vilifaulu kwa 86.9 kwa mia tu, na dawa ya mishipa kwa 98.7. Kwa hiyo sheria ya Shirika la Afya la Ulimwengu ya mwaka wa 2019 inasema: aliyeshikwa vikali apewe bado dawa ya mishipa. Na mgonjwa asiye na dalili kali aweza kupewa vidonge bila kutobolewa mgongo. Ni nafuu kubwa!

Na matunda ni haya: mwaka wa 1998 inchi yetu peke yake ilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Mwaka wa 2018, Afrika nzima haikufika 1,000. Dawa peke yake haikufanya hayo yote. Wale waliopita kijiji kwa kijiji kutafuta wagonjwa walifanya sehemu kubwa.

VI. Dawa inarudi kwa kansere

Mwezi wa Desemba 2023, Marekani ilikubali eflornithine, vidonge, kwa ajili ya kansere iitwayo neuroblastoma, inayotoka katika chembe changa za mishipa ya fahamu na kushika zaidi watoto wadogo. Inatolewa baada ya matunzo mengine, ili kansere isirudi. Hivyo dawa ilirudi kwenye shabaha yake ya kwanza, baada ya miaka zaidi ya 40.

Lakini hapo kura haikupigwa. Ugonjwa ni wa nadra, watoto ni wachache. Wagonjwa 90 waliopata dawa walilinganishwa na wengine 270 waliotunzwa zamani bila dawa hiyo. Waliopata dawa walionekana kubaki wazima zaidi. Ushahidi wa namna hii una faida, lakini ni dhaifu kuliko ule wa kura, kwani labda mafungu hayakufanana kabisa. Ndivyo ilivyo kwa acoziborole pia, dawa mpya ya usingizi inayomezwa mara moja tu: ilijaribiwa kwa wagonjwa 208 wa Kongo na wa Guinea bila fungu la pili, kwani wagonjwa wamekuwa wachache.

VII. Haki ya mgonjwa

Mwezi wa Septemba 1952, Papa Pius XII alisema na wataalamu wa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Alifundisha kwamba faida ya elimu, hata faida ya watu wote, haimpi mganga ruhusa ya kumtumia mgonjwa bila mapenzi yake. Mwaka wa 1964 waganga wa ulimwengu walikutana Helsinki, wakaandika sheria za namna hiyo.

Basi leo tungemjibu mkatekista wetu hivi:

1. Kura ni haki, ikiwa waganga hawajui bado kwa hakika dawa ipi inashinda, na kila fungu linapata matunzo ya kweli. Kama yajulikana dawa inaponya, si haki kumnyima mgonjwa ili atazamwe.

2. Mgonjwa aelezwe katika lugha yake: faida, hatari, na muda. Akikataa, apewe matunzo ya kawaida, wala asidharauliwe. Ubongo wake ukiwa umechafuka hata hawezi kuelewa, jamaa yake wasikilizwe.

3. Mkatekista asimlazimishe mtu kwa jina la Padri. Kazi yake ni kusaidia watu waulize maswali yao mbele ya mganga.

4. Aliyekubali asaidiwe kurudi siku zote alizoitwa, hata akiwa mzima.

Panya hawaulizwi, wala hawana neno la kukataa. Mtu anaulizwa. Pale ambapo hakuulizwa, watu wale wa kijiji walikuwa na haki ya kulalamika, nasi tulipaswa kulalamika pamoja nao. Na pale alipoulizwa akakubali, amewafanyia kazi hata wagonjwa ambao hatawaona kamwe.